Wanasikia Lakini Hawaelewi: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Kusikiliza kwa Wanaojifunza Lugha

Somo la kusikiliza katika madarasa mengi huenda hivi: mwalimu anaweka rekodi, wanafunzi wanajibu maswali, rekodi inarudiwa, majibu yanasahihishwa. Waliopata wanapigiwa vema, waliokosa wanaambiwa jibu, kisha darasa linahamia zoezi la pili. Hapo wanafunzi wamepimwa, kufundishwa bado. Aliyekosa swali la nne anaondoka akijua tu kwamba amekosa, na wiki ijayo atakosa swali la namna ileile kwa sababu ileile, maana hakuna aliyeiulizia sababu yenyewe.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili: malalamiko ambayo mwalimu huyasikia, au mambo anayoyaona kwenye karatasi za wanafunzi. Unaweza kwenda moja kwa moja kwenye dalili inayokusumbua, ila usiruke sehemu inayofuata hapa chini. Matatizo ya kusikiliza hufanana sana kwa nje, na ukikosea chanzo utatoa dawa isiyohusu ugonjwa.

Kwanza, jua uelewa umekatikia wapi

Chukua swali lililowashinda wengi. Tafuta kwenye rekodi sentensi moja au mbili zenye jibu. Wawekee wanafunzi kipande hicho tu, mara mbili, na uwaambie waandike walichokisikia kama walivyokisikia, hata kikiwa vipande visivyo na maana. Tahajia usiijali. Kisha waonyeshe maandishi ya sentensi hiyo, wasome kimya, na uulize kama sasa wanaelewa.

Kuna mambo matatu yanayoweza kutokea.

Kama hata kwa kusoma hawaelewi, masikio hayana kosa. Ni msamiati, sarufi, au mada wasiyoijua, na kurudia rekodi mara kumi hakutawaongezea kitu.

Kama wakisoma wanasema "kumbe!", lakini karatasi zao zimejaa mapengo na maneno ya ajabu, tatizo liko katika kuyatambua maneno ndani ya mkondo wa sauti. Wanayajua, hawayasikii.

Kama waliandika karibu kila kitu sawasawa na bado jibu lao si sahihi, basi maneno waliyapata ila hawakuyaunganisha. Walisahau ya mwanzo, hawakuelewa swali, au walijiamulia jibu mapema mno.

Kundi la pili ni kubwa kuliko walimu wengi wanavyodhani, na ndilo linalopata msaada mdogo kuliko yote. Vitabu vingi hutoa picha za kujadili, orodha ya maneno mapya na maswali ya kubashiri, yaani msaada kwa kundi la kwanza na la tatu. Mtafiti John Field amekuwa akilisema hili tangu miaka ya 1990: kwa mwalimu, majibu yaliyokosewa yana manufaa kuliko yaliyo sahihi, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha mahali pa kushughulikia. Zoezi hilo dogo la kuandika huchukua dakika chache tu. Ukilifanya kila somo kwa swali moja tu, baada ya muda utakuwa na picha ya darasa lako ambayo hakuna mtihani utakaokupa.

Kabla ya kulaumu masikio, kagua vyombo

Hili ni la haraka. Kaa kwenye kiti cha nyuma kabisa, weka rekodi, usikilize mwenyewe. Spika ndogo ya simu katika chumba chenye kuta tupu hutoa sauti inayodunda na kujirudia, na konsonanti ndizo zinazopotea kwanza. Sauti kama "s" na "f" hubeba nguvu yake nyingi katika masafa ya juu. Simu za zamani zilipitisha takriban hezi 300 hadi 3,400 tu, ndiyo maana hata wazawa wa lugha walilazimika kutaja majina herufi kwa herufi. Wewe unaielewa rekodi mbovu kwa sababu ubongo wako unajaza mapengo. Mwanafunzi hana cha kujazia.

Wapo pia wenye matatizo ya kusikia yasiyojulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya asilimia 5 ya watu duniani wana upotevu wa kusikia unaohitaji huduma. Mwanafunzi anayekuelewa ukiwa mbele yake na kupotea ukigeukia ubao, asogezwe mbele kwanza na ashauriwe kupima masikio kabla hujaamua kwamba ni dhaifu katika lugha.

Dalili: "Wanaongea haraka mno!"

Ni lalamiko la kwanza katika kila darasa, na mara nyingi si la kweli kwa maana wanayoikusudia wanafunzi.

Kuna kasi halisi, na inapimika. Steve Tauroza na Desmond Allison walipopima Kiingereza cha Uingereza mwaka 1990 walipata wastani wa maneno kama 210 kwa dakika katika mazungumzo ya kawaida, 190 katika mahojiano, 160 katika usomaji wa redioni, na 140 katika mihadhara iliyoelekezwa kwa wasio wazawa. Mwanafunzi aliyezoea sauti ya mwalimu anayevuta maneno akitupwa ghafla kwenye mazungumzo, atapotea tu. Tahadhari moja: usihamishe takwimu za maneno kwa dakika kutoka lugha moja hadi nyingine. "Hawajatuambia" ni neno moja la Kiswahili lenye ukanushi, nafsi, wakati na mtendwa ndani yake. Lugha nyingine ingehitaji maneno manne au matano kusema hayo. Bora kuhesabu silabi.

Lakini mpe mwanafunzi huyo anayelalamika sentensi fupi iliyosemwa kwa kasi ya wastani, yenye maneno ambayo yote anayajua, na bado atasema ni haraka. Kinachomshinda ni kwamba maneno hayafiki masikioni yakiwa na sura aliyofundishwa. Usemi wa kawaida hula silabi, huunganisha maneno na kubadilisha sauti zilizo jirani. Anayejifunza Kiswahili amefundishwa "nimekwisha kumwambia", kisha anakutana na mtu anayesema "nshamwambia". Amefundishwa "nitakwenda", anasikia "ntaenda". Amefundishwa "sasa hivi", anasikia "saivi". Katika Kiingereza, "I should have told him" huweza kutoka kama kitu kimoja kinachosikika "aishudatoldim". Katika Kifaransa, "les amis" husikika "lezami", na mwanafunzi anaanza kutafuta katika kamusi neno linaloanza na "z". Ukisikiliza lugha ambayo sura za maneno yake huzitambui, kila kasi ni kubwa mno.

Ndiyo maana kupunguza kasi ya rekodi ni dawa ya kutuliza tu. Programu za kompyuta na simu hufanya hivyo kwa kubofya mara moja, na zina manufaa yake, lakini "nshamwambia" iliyopunguzwa kasi haigeuki kuwa "nimekwisha kumwambia". Inakuwa "nshamwambia" ndefu. Kinachosaidia zaidi ni vituo. Utafiti wa Eileen Blau wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba kuongeza vituo kati ya vishazi kuliwasaidia wasikilizaji kuliko kupunguza mwendo wa usemi. Sababu yake haifichiki: kituo humpa mwanafunzi nafasi ya kumaliza kushughulikia kipande kimoja kabla ya kingine kuingia, na sauti zenyewe hubaki kama zinavyosemwa na watu. Basi bonyeza kitufe cha kusimamisha mwisho wa kishazi, hesabu moja, mbili, tatu kimoyomoyo, endelea. Somo kwa somo punguza vituo hadi viishe.

Tiba ya kudumu ni kazi ndogondogo za kila mara. Imla fupi ya sentensi moja hadi tatu kutoka kwenye rekodi halisi, si kutoka kinywani mwako. Zoezi la kujaza mapengo ambapo yaliyoondolewa ni yale maneno madogo yanayomezwa: viunganishi, viambishi, vihusishi, vitenzi visaidizi. Vitabu vingi huondoa nomino, ambazo ndizo rahisi kusikia kuliko zote. Halafu wafanye wanafunzi wenyewe waseme kipande hicho kwa sura yake ya haraka, mara kadhaa, mpaka ulimi uzoee. Lengo hapa si kuwafanya waongee hivyo. Wanaweza kuendelea kuongea kwa ufasaha wao wa darasani. Lakini sura ambayo kinywa kimeipitia, sikio huitambua upesi zaidi.

Na neno kuhusu sauti ya mwalimu. Kuna namna ya kusema ambayo walimu tumeijenga wenyewe: kila silabi wazi, kila neno peke yake, mkazo mara mbili ya kawaida. Ni lahaja ambayo haina wazungumzaji nje ya darasa. Kwa wiki za mwanzo inafaa. Ikiendelea mwaka mzima, inawaandaa wanafunzi kumwelewa mtu mmoja tu.

Dalili: imla yao ina maneno halisi, lakini sentensi haina maana

Hapa mwanafunzi amesikia sauti karibu zote, ila amekata mahali pasipo. Ameunganisha mwisho wa neno moja na mwanzo wa lingine akapata neno la tatu ambalo halikusemwa.

Katika maandishi kuna nafasi kati ya maneno. Katika sauti hakuna. Kila msikilizaji anatafuta mipaka kwa kanuni alizozipata utotoni katika lugha yake ya kwanza, na kanuni hizo hatuzichagui. Anne Cutler alitumia maisha yake ya utafiti katika jambo hili. Yeye na Dennis Norris walionyesha mwaka 1988 kwamba wasikilizaji wa Kiingereza huchukulia silabi yenye nguvu kuwa mwanzo wa neno, na wana haki: takriban asilimia 90 ya maneno yenye maana kamili katika mazungumzo ya Kiingereza huanza na silabi ya namna hiyo. Wafaransa hukata kwa silabi. Wajapani hukata kwa kipande kidogo zaidi cha wakati kiitwacho mora.

Sasa fikiria aliyekulia katika Kiswahili, ambapo mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kwake mkazo unaashiria kwamba neno linakaribia kuisha. Bado silabi moja. Akisikiliza Kiingereza kwa mazoea hayo, alama anayoichukua kuwa ya kufunga neno kwa kawaida ni ya kulifungua. Anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili ana shida hiyo kinyumenyume: anasikia "-fi-" yenye mkazo katika "wamefika kazini" na kudhani neno linaanzia hapo. Kosa la namna hii halionyeshi uvivu wala kukosa umakini, na kumwambia mtu "sikiliza vizuri" hakumfundishi mahali pa kukata.

La kufanya: waeleze wazi kanuni ya mkazo ya lugha wanayojifunza, kwa sentensi mbili, kisha wape maandishi ya rekodi yasiyo na nafasi kati ya maneno. Wasikilize na waweke mistari panapoanza neno jipya. Baadaye wafanye hivyo bila maandishi, wakihesabu tu maneno katika kishazi: mangapi? Watabishana, na ubishi huo ni mzuri. Rudia kishazi wauamue wenyewe. Zoezi la kuhesabu maneno linaonekana la kitoto lakini ni mojawapo ya machache yanayolenga tatizo hili bila kupitia kwingine.

Kwa lugha zenye vitenzi vilivyobeba viambishi vingi, kama Kiswahili chenyewe, kazi haiishii kwenye mipaka ya maneno. Ndani ya neno moja mna vipande vinavyoamua maana yote. "Hawakufika" na "hawajafika" zinatofautiana kwa silabi moja isiyo na mkazo, na tofauti yake ni kama bado kuna matumaini. "Alinipa" na "alimpa" hubadilisha aliyepokea. Tengeneza jozi za namna hii, zisome kwa kasi ya kawaida, na waulize swali la maana: nani kapewa? bado tunawasubiri? Usiwaulize ni kiambishi gani. Watakuwa wanajibu sarufi badala ya kusikiliza.

Dalili: neno wanalijua kwa macho, kwa sikio ni geni

Chanzo ni namna walivyolipata: kutoka kwenye orodha, kitabu au ubao. Kichwani wamelihifadhi likiwa na matamshi waliyoyabuni wenyewe kutokana na tahajia, na kwa lugha ambazo tahajia na matamshi hayaendani, matamshi hayo ya kubuni yanaweza kuwa mbali kabisa. Badilisha mpangilio. Neno jipya lisikike kwanza, ndani ya vishazi viwili au vitatu tofauti, warudie, wakisie maana, ndipo liandikwe ubaoni. Ni badiliko dogo lisilohitaji kifaa chochote.

Kama zoezi la uchunguzi lilionyesha kwamba hata kwa kusoma hawaelewi, basi ni msamiati wenyewe. Hilde van Zeeland na Norbert Schmitt waliona mwaka 2013 kwamba kwa masimulizi yasiyo rasmi ya Kiingereza, kujua asilimia 95 ya maneno kunatosha kwa uelewa mzuri, na hiyo inahitaji familia za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo) kati ya 2,000 na 3,000. Kwa mwalimu hii ina maana kwamba katika rekodi ya maneno 100, mageni yakizidi matano hivi, tatizo ni uchaguzi wako wa rekodi. Tafuta nyingine.

Dalili: wanasikia neno moja, wanabuni hadithi nzima

Wamesikia "daktari", wakaandika kwamba mtu ni mgonjwa. Kumbe daktari alikuwa jirani aliyeuza gari.

Ujuzi wa mada una nguvu sana katika kuelewa. Mwaka 1972 John Bransford na Marcia Johnson waliwasomea watu aya kuhusu kufua nguo bila kuwaambia kichwa chake. Ilionekana kama maneno matupu. Waliotajiwa kichwa kabla ya kusikiliza walielewa na kukumbuka zaidi. Waliotajiwa baadaye hawakupata faida. Nao Anna Chang na John Read, katika utafiti wa 2006 na wanafunzi wa Kiingereza, walikuta kwamba kupewa taarifa za mada kulisaidia kuliko misaada mingine waliyoijaribu, kurudia rekodi kukafuata, na kufundishwa msamiati muda mfupi kabla ya kusikiliza kukawa na faida ndogo kuliko yote. Kwa hiyo kutayarisha darasa kwa mada ni jambo jema.

Ila linapozidi linazaa ugonjwa huu. Mwanafunzi ambaye hapati maneno ya kutosha anajificha nyuma ya ubashiri, na mwalimu anayesifia kila jibu lililokaribia anampa mahali pa kujificha. Utambuzi wake ni rahisi: wape darasa maswali bila rekodi. Kama wengi wanapata zaidi ya nusu, maswali yako yanapima akili ya kawaida. Yatupe.

Kwa ubashiri wenyewe usiukataze, uwekee sharti. Kila jibu lidaiwe ushahidi: umesikia maneno gani yaliyokufanya useme hivyo? Mwanafunzi akikosa, jibu libaki na alama ya kuuliza mpaka rekodi irudiwe. Chagua makusudi rekodi zinazogeuka katikati, ambapo mtu anaanza kukubali kisha anakataa, au anataja siku moja halafu anaibadilisha. Watungaji wa mitihani wanazipenda sana, na watu halisi huongea hivyo pia. Dakika za matayarisho zisizidi muda wa kusikiliza. Nimeona masomo ambayo picha zilijadiliwa kwa nusu kipindi na rekodi ikapewa dakika tatu za mwisho.

Dalili: wanaanza vizuri, kisha wanapotea

Karatasi imejaa juu, tupu chini. Mara nyingi mwanafunzi amekutana na neno asilolijua akasimama kulifikiria, huku sauti ikiendelea bila yeye.

Kumbukumbu ya muda mfupi ni finyu. Nafasi ya kushikilia sauti kama sauti, kwa mujibu wa kazi za Alan Baddeley, inatosha kama sekunde mbili za usemi. Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba tunashika takriban vipande vinne kwa wakati mmoja. Mzawa wa lugha hubana kishazi kizima kuwa kipande kimoja. Mwanafunzi anabeba kila neno peke yake, na mzigo unamshinda baada ya sentensi chache. Kwa hiyo mazoezi ya kutambua maneno yaliyoelezwa juu yatapunguza tatizo hili pia, hata bila kuligusa.

Mengine ya kuongeza: fundisha kuliacha neno. Liandike kwa herufi mbili za kwanza, weka alama, songa mbele. Hili linahitaji kuzoezwa hasa, kwa sababu shule nzima imewafundisha kinyume chake. Fundisha pia vishazi vya kuongoza njia, kama "tatizo la pili ni", "lakini kilichotokea ni kwamba", maana aliyepotea anaweza kurudi njiani hapo.

Na kuna imla ya kuunda upya, ambayo Ruth Wajnryb aliieleza kwa kina mwaka 1990. Soma matini fupi kwa kasi ya kawaida mara mbili, wanafunzi waandike maneno muhimu tu, kisha kwa vikundi waijenge upya matini kwa maneno yao na kulinganisha na ya awali. Wanapojadiliana, utasikia mahali hasa kumbukumbu ilipokatika na mahali sarufi ilipowaokoa. Binafsi sijui zoezi jingine linalotoa habari nyingi hivyo kwa gharama ya karatasi moja.

Dalili: sauti mbili, kwao ni moja

Mzungumzaji wa Kiswahili ana irabu tano. Akikutana na Kiingereza, irabu za "ship" na "sheep" zinaangukia kwenye "i" yake moja. Kiarabu kina "qalb", moyo, na "kalb", mbwa. Kijapani hutofautisha "obasan", shangazi, na "obaasan", bibi, kwa urefu wa irabu tu.

Usianze na kila jozi. Katika sentensi kamili muktadha huamua nyingi, na mtu hatachanganya moyo na mbwa katika habari za hospitali. Shughulikia zile zinazoharibu maana mara kwa mara, hasa zinazobeba sarufi. Na usitumie sauti yako peke yake. John Logan, Scott Lively na David Pisoni walionyesha mwaka 1991, kwa Wajapani waliofundishwa kutofautisha "r" na "l" za Kiingereza, kwamba mafunzo yenye sauti za wasemaji wengi na maneno mengi tofauti huwezesha watu wazima kuboresha usikivu wao. Anayejifunza kwa sauti moja hujifunza sauti hiyo.

Dalili: wananielewa mimi tu

Inatokana na yaleyale: wamesikia mtu mmoja. Waalike wasemaji wengine, tumia rekodi za vijana na wazee, wanawake na wanaume, lafudhi zaidi ya moja, hata kama kila moja ni ya dakika mbili.

Maandishi ya chini ya skrini yanasaidia hapa, ikiwa yako katika lugha inayosikika. Holger Mitterer na James McQueen walifanya jaribio mwaka 2009 kwa Waholanzi waliotazama video zenye lafudhi ngeni ya Kiingereza. Maandishi ya Kiingereza yaliwasaidia kuizoea lafudhi, hata kwa maneno mapya baadaye. Maandishi ya Kiholanzi yaliwasaidia kufuata hadithi lakini yaliharibu ujifunzaji wa sauti. Mwanafunzi anayejivunia saa nyingi za filamu zenye tafsiri chini yake anapata hadithi, na masikio yanapumzika. Abadilishe maandishi, kisha arudie tukio moja bila maandishi kabisa.

Dalili: wanaganda

Kalamu haitembei tangu sekunde ya kwanza. Hofu ya kusikiliza ina sababu yake: msomaji anaweza kurudi nyuma, msikilizaji hana njia hiyo. Mtihani wa Kiingereza kama IELTS huiweka rekodi mara moja tu, na baadhi ya walimu huiga sharti hilo tangu siku ya kwanza ili kuwazoesha wanafunzi. Hayo ni mazoezi ya mwisho wa safari. Darasani mwachie mwanafunzi kitufe: kila kikundi na simu yake, wasimamishe na kurudia wanapotaka, watoe ripoti mahali palipowashinda.

Mfuatano mmoja umethibitika: wabashiri, wasikilize, walinganishe na jirani, wasikilize tena, wajadili kilichowapotosha, waandike watakachofanya tofauti safari ijayo. Larry Vandergrift na Marzieh Tafaghodtari waliujaribu kwa wanafunzi wa Kifaransa chuoni nchini Kanada na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Waliopitia mfuatano huo waliwapita waliosikiliza matini zilezile bila mwongozo, na waliokuwa dhaifu ndio waliosonga mbele zaidi.

Pia wape maneno ya kujiokoa katika mazungumzo ya ana kwa ana: naomba urudie, unamaanisha kesho au keshokutwa, sijapata neno la mwisho. Rekodi haijibu maswali, lakini mtu hujibu, na kusikiliza kwingi maishani ni kwa mtu.

Kujua kama tiba imefanya kazi

Hifadhi karatasi za ile imla ya kwanza ya uchunguzi. Baada ya wiki sita au saba weka tena kipande kingine chenye urefu na kasi ya karibu sawa, kutoka kwa msemaji wasiyemjua, na ulinganishe makosa kwa aina badala ya idadi. Kama mwanzoni karatasi zilijaa maneno yaliyokatwa vibaya na sasa mapengo yamebaki kwenye viambishi tu, tatizo la mipaka limepungua. Rudi kwenye zoezi la jozi za vitenzi. Kama maandishi yamekuwa safi lakini majibu ya maswali hayajabadilika, acha imla kwa muda, kazi iliyobaki ni ya kumbukumbu na ubashiri. Na kama hakuna kilichosogea hata kidogo, kabla ya kubadilisha mbinu nenda ukae tena kwenye kile kiti cha nyuma.